Mtoto Asiyesema Naye Ana Neno



Katika mwaka wangu wa tatu wa upadre nilitenda jambo ambalo sijalisahau. Ilikuwa Misa ya pili ya Jumapili, kanisa limejaa mpaka barazani, na mtoto mmoja wa kiume wa umri wa miaka mitano hivi alikuwa akipiga kelele moja tu, ndefu, ya namna ile ile, huku akijipiga kichwani kwa kiganja. Nilikatisha mahubiri. Nikamwomba mama yake, kwa sauti ambayo mimi mwenyewe niliiona kuwa ya upole, amtoe nje ili wengine wapate kusikia Neno la Mungu. Mama akambeba akatoka. Hakurudi Jumapili iliyofuata, wala zile zilizofuata baada yake, nami nikadhani kwamba amehamia parokia nyingine.

Nilikutana naye tena baada ya miaka sita, nyumbani kwake, nilipokwenda kumpaka mafuta bibi mgonjwa wa jirani. Mtoto alikuwa na miaka kumi na mmoja. Hajapata kusema neno hata moja tangu azaliwe. Lakini ukutani, chini ya kalenda, palining'inizwa kitambaa chenye mifuko midogo midogo, na kila mfuko ulikuwa na kadi yenye picha: sahani, kikombe, choo, mpira, kitanda, na nyingine nyingi. Mama akanieleza kwamba mwalimu mmoja aliyesomea elimu maalumu ndiye aliyemfundisha mtoto kuzitumia. Akitaka maji, huchomoa kadi ya kikombe na kumpa mtu mkononi. Miezi michache kabla ya siku ile, mtoto alikuwa ameanza tena kujipiga kichwani usiku kucha, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo. Mama akamwekea mbele yake kadi za viungo vya mwili. Mtoto akachukua kadi ya sikio akampa. Walipofika hospitali alikutwa na usaha ndani ya sikio, tena wa siku nyingi.

Kisha mama akaniambia, bila hasira yoyote: "Padre, huenda hata siku ile kanisani lilikuwa sikio."

Sikuwa na la kujibu. Nayaandika haya katika ukurasa wa Tume ya Haki na Amani kwa sababu nimeshawishika kwamba jambo hili, ambalo wengi huliona kuwa la huruma na hisani tu, kwa hakika ni jambo la haki. Mtoto aliyenyimwa njia ya kusema kwamba anaumwa amenyimwa haki kama vile mfanyakazi aliyenyimwa ujira wake. Tofauti ni kwamba mfanyakazi anaweza kuja ofisini kwetu kulalamika.

Yafaa kwanza tujue tunazungumza juu ya watoto gani, maana vijijini na mijini mwetu wote hutupwa katika kapu moja na kuitwa kwa majina ambayo sitayarudia hapa. Mtoto mwenye ulemavu wa akili ni yule ambaye uwezo wake wa kujifunza, kufikiri na kujitegemea hukua polepole na kwa mpaka. Mtoto mwenye usonji ni yule ambaye ubongo wake, tangu mwanzo wa maisha, huipokea dunia kwa namna nyingine: mawasiliano na watu humwia magumu, hupenda mambo yarudiwe kwa utaratibu ule ule, na mara nyingi sauti, mwanga au mguso ambao sisi hatuusikii kuwa kitu, yeye humchoma. Baadhi ya wenye usonji wana ulemavu wa akili pia. Wengine hawana, na wapo wenye akili kali kupita walimu wao. Wapo wanaosema sana na wapo wasiosema kabisa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Parokia yenye waamini elfu tano, kwa hesabu hiyo, inaweza kuwa na watu kama arobaini. Jiulize, ndugu msomaji, unawajua wangapi kati yao. Wengine wako nyuma ya mlango.

Wako nyuma ya mlango kwa sababu bado tunauliza nani alilaaniwa. Katika koo nyingi lawama huangukia kwa mama. Wala tusidhani kwamba ni ujinga wetu sisi peke yetu. Daktari Leo Kanner alipoieleza hali hii kwa mara ya kwanza kitaalamu huko Marekani mwaka 1943, haikupita miaka mingi wataalamu wenzake wakaanza kufundisha kwamba chanzo chake ni ubaridi wa mama asiyempenda mwanawe. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim alitoa kitabu kizima cha kutetea fikra hiyo, ingawa miaka mitatu kabla yake Bernard Rimland, ambaye mwenyewe alikuwa baba wa mtoto wa namna hii, alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba chanzo kimo katika mwili na si katika malezi. Akina mama wa Chicago walilaumiwa kwa lugha ya kisayansi, akina mama wa kwetu wanalaumiwa kwa lugha ya mapepo. Machozi ni yale yale.

Sasa tuje kwenye kile kinachoitwa teknolojia saidizi. Jina hili huwatisha watu. Mwenyekiti mmoja wa jumuiya, nilipomtajia, aliniuliza kama tunataka kununua mitambo. La hasha. Teknolojia saidizi ni kifaa chochote, pamoja na utaratibu wa kukitumia, kinachomwezesha mtu mwenye ulemavu kufanya lile ambalo bila kifaa hicho lisingewezekana. Fimbo nyeupe ya asiyeona ni teknolojia saidizi. Miwani niliyovaa ninapoandika haya ni teknolojia saidizi. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya vifaa saidizi 50 ambavyo kila nchi ingepaswa kuvipa kipaumbele. Humo, pamoja na kiti cha magurudumu, kifaa cha kusaidia kusikia na fimbo nyeupe, zimo mbao, vitabu na kadi za mawasiliano. Kadhalika vimo vifaa vya kupangia muda na simu za mkononi zilizorahisishwa. Yaani kadi ya sikio ya mtoto yule imo katika orodha moja na kiti cha magurudumu. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeuliza kama mtoto asiye na miguu amestahili kiti. Bali kadi za picha tunaziona kuwa michezo ya chekechea.

Taarifa iliyotolewa mwaka 2022 na shirika hilo pamoja na UNICEF ilieleza kwamba zaidi ya watu bilioni 2.5 wanahitaji kifaa saidizi kimoja au zaidi, na kwamba karibu bilioni moja kati yao hawavipati. Katika baadhi ya nchi zenye kipato kidogo wanaovipata ni asilimia 3 tu ya wanaovihitaji, wakati katika nchi tajiri hufikia asilimia 90. Pengo kama hilo lingekuwa katika chakula tungeliita njaa.

Nieleze namna kadi zinavyofanya kazi, kwa maana wengi wakiziona hudhani kwamba ni kumwonyesha mtoto picha na kumwambia "hiki ni kikombe". Hapana. Utaratibu unaotumika sana ulianzishwa mwaka 1985 katika jimbo la Delaware, Marekani, na Andy Bondy na Lori Frost. Kiini chake ni kubadilishana. Mtoto humpa mtu picha, na mtu humpa mtoto kitu chenyewe, papo hapo. Mwanzoni huhitajika watu wazima wawili: mmoja huketi mbele ya mtoto akiwa na kitu anachokipenda sana, tuseme kipande cha muwa, wa pili hukaa nyuma na kuusaidia mkono wa mtoto kuichukua picha na kuiweka katika kiganja cha yule wa mbele. Huyo wa nyuma hasemi neno. Wala huyo wa mbele haulizi "unataka nini?", kwa sababu lengo ni kwamba mtoto mwenyewe ndiye aanze. Baadaye picha husogezwa mbali ili alazimike kumfuata mtu. Kisha hufundishwa kuchagua kati ya picha mbili, kisha kuzipanga picha ziwe sentensi, na mwisho kueleza anachokiona au kukisikia, si kuomba tu. Kazi hii huchukua miezi, pengine miaka. Mtoto ambaye hapo awali aliupata muwa kwa kulia na kuuma watu, sasa anaupata kwa kumwendea mtu. Hilo ndilo badiliko kubwa, kuliko hata muwa.

Wazazi huniuliza swali moja, na ni swali la haki: je, akizoea picha hatakuwa mvivu wa kusema? Watafiti watatu wa Marekani, Millar, Light na Schlosser, walichapisha mwaka 2006 uchunguzi wa tafiti zilizokwisha kufanywa juu ya jambo hili. Katika zile tafiti zilizokuwa na ushahidi imara, zilizohusu watu 27, hakuna hata mmoja aliyepungukiwa usemi kwa sababu ya kutumia njia mbadala. Asilimia 89 waliongeza usemi, ijapokuwa wengi wao kwa kiasi kidogo, na asilimia 11 walibaki vile vile. Basi asiwepo wa kumwambia mzazi asubiri mpaka mtoto afikishe miaka saba "pengine atasema tu". Miaka hiyo ya kusubiri hairudi.

Vipo vifaa vingine rahisi zaidi. Ratiba ya siku kwa picha, ambayo huonyesha kuamka, kunawa, uji, shule, na kadhalika, kila jambo likiisha picha yake huondolewa na kutiwa katika mfuko wa "imekwisha", huwaondolea watoto wengi wenye usonji hofu ambayo sisi huiita ukaidi. Utaratibu wa namna hii ulikuzwa katika Chuo Kikuu cha North Carolina tangu miaka ya 1970, chini ya Eric Schopler. Saa ya mchanga au ya jikoni huonyesha kwa macho kwamba muda unakwisha. Viziba masikio, kama vile wavaavyo mafundi wa mashine, humwezesha mtoto kukaa darasani penye watoto mia. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachohitaji umeme.

Bali umeme nao una nafasi yake. Kishikwambi chenye programu ya mawasiliano humwezesha mtoto kugusa picha, nacho kikatamka neno kwa sauti. Faida yake ni kwamba sauti husikika hata na mtu aliyegeuka, na kwamba maneno yanaweza kuwa maelfu badala ya makumi. Hasara zake zinajulikana: huanguka, huibwa, huisha chaji. Kisha kuna bei. Baadhi ya programu zinazosifika huuzwa kwa takriban dola 250 za Marekani, bila kishikwambi chenyewe. Namshukuru Mungu zipo za bure. Serikali ya Aragon huko Hispania inatoa bure, kwa matumizi yasiyo ya biashara, hazina ya picha zaidi ya elfu kumi iitwayo ARASAAC. Programu ya Cboard, ambayo mfuko wa ubunifu wa UNICEF uliisaidia, nayo hupatikana bila malipo ya msingi.

Hapa nina manung'uniko, nayo nitayasema. Nilipata kutembelea shule moja, ambayo sitaitaja, iliyopewa vishikwambi vitano na wafadhili kutoka ng'ambo. Vilikuwa ndani ya kabati la mwalimu mkuu, vimefungwa kwa kufuli, vikiwa katika maboksi yake. Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alisaini kuvipokea na aliogopa kuulizwa vikipotea. Isitoshe, vilisema Kiingereza. Nilipokiwasha kimoja na kugusa picha ya mtoto anayekunywa, ilitoka sauti ya mwanamke wa kizungu ikisema jambo ambalo hakuna mtoto hata mmoja wa shule ile angelielewa. Wafadhili walipiga picha wakaondoka. Kuwapa watoto mdomo wa lugha ya watu wengine si kuwapa mdomo.

Tatizo la lugha ni zito kuliko linavyoonekana. Mbao nyingi za mawasiliano zimepangwa kwa kufuata Kiingereza, ambamo kila neno hujisimamia. Mtoto hugusa picha ya "mimi", kisha "taka", kisha "maji", na kwa Kiingereza sentensi imekamilika. Kwa Kiswahili atapata "mimi taka maji", usemi ambao tunauchekea kwa wageni. Lugha yetu huunganisha: nataka, sitaki, nilitaka, hanipi. Kukataa, ambako kwa Kiingereza ni neno moja la kuongeza mbele, kwetu kumo ndani ya kitenzi chenyewe. Kwa hiyo ni lazima ubao wa Kiswahili uwe na "nataka" na "sitaki" kama picha mbili kamili. Kadhalika katika mbao za ng'ambo sijaona "shikamoo". Mtoto wa kwetu asiyeweza kumwamkia mkubwa huhesabiwa kuwa hakulelewa, na mama yake pamoja naye. Kadi ya kwanza ambayo mama niliyemtaja aliiomba kwa mwalimu, baada ya choo na maji, ilikuwa hiyo: shikamoo. Mtoto humpa babu yake kila asubuhi, naye babu huipokea na kusema "marahaba". Sauti za Kiswahili katika mashine nazo zimeanza kupatikana. Kampuni ya Microsoft inazo mbili za Kiswahili cha Tanzania, walizozipa majina ya Daudi na Rehema. Wataalamu wetu wa kompyuta hawana kisingizio kikubwa tena.

Wala vifaa si haba kama tunavyodhani. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, vishikwambi vilivyotumika katika kuhesabu watu viligawiwa kwa walimu nchini. Vingi vimo mikononi mwa waamini wetu. Mwalimu mwenye kishikwambi ambacho hukitumia kwa mipango ya masomo, tena mwenye mtoto asiyesema darasani mwake, ana kifaa saidizi mkobani na pengine hajui.

Lazima pia nitoe tahadhari, maana penye uchungu wa wazazi hapakosi wauzaji wa miujiza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilienea huko Marekani, ikitokea Australia, njia ambayo mtu mzima humshika mtoto mkono au kiwiko na "kumsaidia" kuandika kwa kubofya herufi. Watoto wasiojua kusema wakaonekana wanaandika mashairi. Wazazi walilia kwa furaha. Ndipo watafiti wakafanya jaribio jepesi: mtoto akaonyeshwa picha moja na msaidizi wake akaonyeshwa nyingine, bila wao kujua. Kilichoandikwa kikawa ni kile alichokiona msaidizi. Wasaidizi wengi hawakuwa wadanganyifu. Mikono yao ilisema bila wao kutambua. Lakini kwa maandishi hayo baadhi ya akina baba walishtakiwa kuwa wamewanajisi watoto wao, na familia zikavunjwa. Mwaka 1994 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilitamka kwamba njia hiyo haina uthibitisho wa kisayansi. Njia yenyewe haikufa. Hurudi kwa majina mapya. Kipimo ni chepesi: kama mtoto hawezi kusema jambo ila mkono wa mtu fulani uwe juu yake, basi anayesema ni nani?

Nimetaja unajisi, na hapa ndipo Tume yetu inapohusika moja kwa moja. Mtoto asiyeweza kueleza ndiye anayechaguliwa na mtu mwovu, kwa sababu siri yake iko salama. Mbao nyingi tunazozitengeneza zina chakula na vichezeo, lakini hazina viungo vyote vya mwili, wala "acha", wala "ananiumiza", wala picha za watu wa nyumbani. Wazazi huona haya. Naelewa haya hiyo, lakini ni yenye gharama. Sheria yetu ya Ushahidi inamruhusu shahidi asiyeweza kusema atoe ushahidi kwa njia nyingine inayoeleweka, kama vile maandishi au ishara. Mlango wa mahakama uko wazi kwa kiasi hicho. Mtoto asiyefundishwa njia yoyote hana cha kupitisha mlangoni hapo.

Kwa upande wa sheria nyingine, hatuko watupu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Mkataba huo, katika ibara yake ya 2, unapoeleza maana ya "mawasiliano", hutaja waziwazi lugha nyepesi pamoja na njia za nyongeza na njia mbadala. Ibara ya 24 inadai elimu jumuishi katika ngazi zote. Elimu ya msingi bila ada imekuwepo tangu mwaka 2016. Haya yote ni mema. Lakini kuandikishwa shuleni si kufundishwa. Chuo cha Patandi huko Arusha kinaandaa walimu wa elimu maalumu, na kazi yake ni njema. Hata hivyo mwalimu aliyehitimu akapangiwa shule ambako anapewa madarasa ya kawaida yenye watoto themanini, ujuzi wake huozea humo.

Na sisi je? Shule za Kanisa husifiwa kwa matokeo ya mitihani. Baadhi ya sifa hiyo tunaipata kwa usaili wa mlangoni, ambao huwachuja watoto wenye kujifunza polepole kabla hawajavaa sare. Nimekaa katika bodi za shule, nami nimeupigia makofi wastani wa ufaulu. Sikuuliza ni nani aliyerudishwa nyumbani ili tuupate. Naona ni vigumu kuiandikia Serikali barua juu ya elimu jumuishi kwa karatasi yenye nembo ya shule ambayo haimpokei mtoto hata mmoja mwenye usonji.

Kuhusu katekesi, Sheria ya Kanisa haina utata. Kanuni ya 777 inamtaka paroko ahakikishe kwamba mafundisho yanatolewa pia kwa wenye ulemavu wa mwili na wa akili, kadiri hali yao inavyoruhusu. Makatekista wawili wa parokia yangu walimwandaa yule kijana kwa picha: mkate, meza, mlango wa kanisa, Yesu, kukaa kimya, kula. Ilichukua miezi kumi na minne. Tulianza kwa kumleta kanisani siku za juma, likiwa tupu, dakika tano, akiwa na viziba masikio. Sasa huhudhuria Misa ya kwanza, ile fupi, na huketi karibu na mlango wa pembeni kwa hiari yake. Hubeba ratiba ya Misa kwa picha, na huzihamisha moja moja. Juzi mahubiri yangu yalirefuka. Alikuja taratibu mpaka mbele akanipa kadi ya "imekwisha". Kanisa zima liliangua kicheko. Nami nikaendelea na Nasadiki.

Kwa miezi mitatu ijayo Tume imekubaliana na Halmashauri ya Walei mambo machache. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo itaulizwa, si kwa kutangaza kanisani bali kwa viongozi kutembelea nyumba kwa adabu, kama yupo mtoto ambaye hasemi au hajifunzi kama wenzake. Hatuandiki majina katika daftari la jumuiya. Mzazi ndiye ataamua kama ajulikane. WAWATA wameahidi kushona vitambaa vya mifuko. Tunawahitaji vijana wawili au watatu wenye mkono wa kuchora, maana picha za kigeni zina majiko ya gesi na mabafu ya vigae, na mtoto wa kwetu anahitaji mafiga, ndoo na choo cha nje. Walimu wenye vishikwambi waje navyo Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baada ya Misa ya asubuhi, vikiwa vimechajiwa. Wazazi waje na watoto wao. Ukumbi wa parokia utakuwa na chumba kimoja cha kando kisicho na kelele, na mlango wake hautafungwa kwa ufunguo.